Leba, majeruhi, thieta, akili au zahanati: chagua kwa uchovu wako, si kwa herufi nne

Juzi tulikuwa jetini Mokowe, mimi na mtoto wa kaka yangu, tukingoja boti ijae tuvuke kuja Amu, yaani Lamu. Anamaliza diploma ya uuguzi mwaka huu. Alikuwa na simu mkononi na uso wa mtu aliyepokea matokeo ya mtihani.

"Shangazi, nimejaza maswali yote ya kupima hulka. Nimeambiwa mimi ni INFJ. Sasa INFJ anafaa leba au thieta?"

Sikumcheka, maana sisi wa pwani hatuna haki ya kucheka. Bibi zetu walipeleka jina la mtoto na jina la mamake kwa mjuzi wa falaki, herufi zikahesabiwa, ikatoka nyota ya moto, ya maji, ya upepo au ya udongo, na posa ikakubaliwa au ikarudishwa kwa hilo. Leo herufi zimebaki nne na mjuzi amekuwa simu.

Herufi zenyewe zina asili yake. Mawazo yalikuwa ya Carl Jung wa Uswisi, aliyoyatoa 1921. Huko Marekani mama na bintiye, Katharine Briggs na Isabel Briggs Myers, wakayageuza kuwa maswali yanayowagawa watu katika mafungu 16, kila fungu na herufi zake nne. Kasoro yake ni kwamba wengi wakijaza tena baada ya wiki chache hujikuta katika fungu jingine. Watafiti wa hulka hutumia zaidi vipimo vitano: uwazi kwa mambo mapya, utaratibu, uchangamfu, maelewano na watu, na wepesi wa kuingiwa na wasiwasi. Hivi havikutii ndani ya kisanduku. Vinakuonyesha umesimama wapi kwenye mstari, kama zebaki ndani ya kipimajoto. Kwa muuguzi mimi hutazama viwili kwanza, utaratibu na wasiwasi. Uchangamfu watu huupa uzito usiostahili, na ndiyo sababu kila mwanafunzi mkimya huambiwa aende thieta, chumba cha upasuaji, na kila msemaji aende zahanati.

Nimevaa sare hii zaidi ya miaka 20, kwanza Malindi, kisha Lamu, na nimepokea wanafunzi wengi wa zamu. Ninachokitazama kwao si wanachokipenda, kwa kuwa kila mtu hupenda kila wodi wiki ya kwanza. Natazama uchovu. Kila tawi la uuguzi linachosha kwa namna yake. Kuna uchovu unaoisha ukilala usiku mmoja, na kuna ule unaoamka nao. Tawi lako ni lile ambalo uchovu wake unalalika.

Kabla ya kulinganisha, jambo moja la utaratibu wetu. Diploma ya Kenya ya uuguzi wa afya ya jamii, ile wanayosoma vijana wa vyuo vya tiba vya KMTC, Malindi na Lamu, inakupitisha kote: wodi za kawaida, ukunga, afya ya akili, na kazi ya mtaani. Ubingwa unakuja baadaye, kwa diploma ya juu ya takriban mwaka mmoja, na kwa kawaida hukubaliwi mpaka uwe umeshafanya kazi. Kwa hiyo hakuna anayekulazimisha uchague leo. Na huku kwetu, hata aliyebobea hapewi tawi lake kila siku. Mpangaji zamu akikosa mtu, bingwa wa macho atajikuta wodi ya watoto.

Maswali manne ya kulinganishia

La kwanza ni kasi: kazi inakujia kwa mafuriko au kwa mtiririko? La pili ni maneno: utasema na nani, na kwa muda gani? La tatu ni uamuzi: saa tisa za usiku, neno la mwisho ni la nani? La nne ni mzigo: unarudi nyumbani na nini kichwani? Nimeyauliza kwa kila tawi. Palipo na mengi nimekaa, palipo na machache nimepita.

Leba

Kasi. Leba ni kungoja kwingi kunakokatizwa na dakika chache za moto. Mama wa mimba ya kwanza anaweza kuingia baada ya Alasiri na kujifungua Alfajiri. Saa zote hizo unasikiliza moyo wa mtoto kila nusu saa au chini ya hapo, na unataka kusikia mapigo kati ya 110 na 160 kwa dakika. Unapima njia imefunguka sentimita ngapi. Unaandika. Kisha mtoto ametoka, analia, mama anacheka, kondo la nyuma limetoka, na damu haikomi. Hapo ndipo mtu anapojulikana.

Wengi hudhani leba inataka mtu wa huruma. Huruma ni lazima, lakini leba inataka kwanza mtu wa kupima. Damu ikifika mililita 500 baada ya kujifungua, hiyo ni hatari, na jicho la binadamu hukadiria chini kila mara, hasa kwenye shuka lililokwisha kulowa. Utafiti uitwao E-MOTIVE, uliofanywa katika hospitali 80 za Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini na kutangazwa 2023, uliwapa wakunga plastiki yenye mistari ya vipimo ya kutandika chini ya mama, na kuwafundisha kutoa tiba zote kwa pamoja badala ya kujaribu moja, kungoja, kisha nyingine. Madhara makubwa ya kutoka damu yakapungua kwa asilimia 60. Hakuna dawa mpya iliyogunduliwa hapo. Waliacha kukisia tu. Ikiwa wewe ni mtu ambaye chumvi ya wali huitia kwa kijiko na si kwa mkono, leba inakuhitaji kuliko unavyodhani.

Maneno. Utasema na mama, na pia na waliosimama mlangoni: mama mkwe, wifi, na yule mwanamke wa mtaani aliyezalisha nusu ya ukoo wao. Ukiwa msichana wa miaka 22 hujaolewa utaambiwa wazi, "Wewe hujazaa, utajua nini?" Jibu zuri sijalipata mpaka leo. Mimi hunyamaza nikaendelea kupima. Kwa kijana wa kiume huku kwetu kuna la ziada: kuna akina mama wanaotaka mwanamke mwenzao, na ni haki yao kuomba hivyo. Nimefanya kazi na mkunga wa kiume ambaye wanawake walikuwa wakimwulizia kwa jina. Siri yake ilikuwa kupiga hodi kwenye pazia, kuomba ruhusa, na akikataliwa huenda kuniita bila kununa. Asiyeweza kukataliwa asubuhi akarudi na uso uleule jioni, atapata taabu.

Uamuzi. Ni wako kuliko karibu tawi lolote la ndani ya hospitali. Daktari huitwa mambo yakipinda, na wewe ndiye unayesema yamepinda. Mwaka wangu wa pili kazini, katika kituo nisichokitaja, nilichelewa kumpigia daktari kwa kuogopa kumwamsha. Nilijiambia ningoje robo saa nyingine. Mama alipona, na mtoto pia. Lakini ile robo saa niliibeba miezi, nikiamka usiku kuihesabu. Siku zile ningejaza maswali ya hulka ningeambiwa mimi ni mpole na mwenye kuwajali wengine. Kweli, nilimjali daktari aliyelala.

Mzigo. Furaha ya leba ni kubwa na ya mara nyingi, na sikatai kuwa hulevya. Lakini kifo cha mama mmoja kinazidi watoto mia uliowapokea. Anayefaa ni mtu wa subira, mwandishi wa kila kitu, asiyeona haya kumwamsha mkubwa. Asiyefaa ni anayetaka kila zamu iishe kwa shangwe.

Majeruhi

Kasi. Mafuriko. Malindi mwezi wa Desemba, wageni wakijaa na bodaboda zikipishana na tuktuk, kazualti haina kiti. Lamu mjini barabara za magari hakuna, lakini usidhani tumesalimika: punda hupiga mateke, wakwezi huanguka minazi, na wavuvi huletwa wamechomwa na mwiba wa samaki aitwaye taa. Huyo wa taa ni mgonjwa ninayempenda, Mungu anisamehe, kwa sababu analia kama mtoto, unamtumbukiza mguu katika maji ya moto anayoweza kuyavumilia, kama nyuzi 45 hivi, na maumivu yanashuka mbele ya macho yako, maana joto huivunja sumu ile. Mafanikio ya haraka namna hiyo ni nadra katika kazi yetu.

Maneno ni mafupi na ya amri. Huna muda wa kujuana na mtu. Utatumia nguvu nyingi zaidi kwa jamaa kuliko kwa mgonjwa, kwa sababu mgonjwa mmoja huja na watu wanane, na aliyejikata kidole huona amesahauliwa ukimpita kwenda kwa aliyezimia. Kupanga wagonjwa kwa rangi, nyekundu kabla ya njano na njano kabla ya kijani, ni rahisi kwenye karatasi. Kazi ni kumweleza baba mwenye mtoto wa kijani.

Uamuzi wa dakika tano za kwanza mara nyingi ni wako, kisha unaupisha. Mzigo wake ni wa aina ya pekee: hadithi hazina mwisho. Umemshika mtu mkono, umemzuia damu, amepakiwa kwenye ambulensi kwenda Mombasa, na hutajua aliishia wapi. Kuna watu jambo hilo halitawasumbua kamwe, wanakunywa chai na kumpokea mwingine. Kuna wengine, na mimi ni mmoja wao, watapiga simu tatu kuuliza. Ikiwa wewe huwezi kulala bila kujua mwisho wa hadithi, majeruhi yatakumaliza polepole hata kama una mikono ya haraka. Uchovu wa miguu unalalika, na wa kutojua haulaliki.

Thieta

Hapa ndipo wanafunzi wakimya wanapokimbilia: mgonjwa amelala, mlango umefungwa, jamaa wako nje. Nusu ya fikra hiyo ni sawa.

Kasi imepangwa. Kuna orodha ya asubuhi, na dharura kama upasuaji wa kujifungua huingia katikati. Utaratibu ndiyo roho ya mahali. Unahesabu gozi (vitambaa vya kufyonzea damu), sindano na vyuma kabla, unahesabu kabla ya kufunga, unahesabu tena. Shirika la Afya Duniani lina orodha ya ukaguzi ya vipengele 19 ambayo timu huisoma kwa sauti mara tatu: kabla ya dawa ya usingizi, kabla ya kisu, na kabla ya mgonjwa kutolewa. Ilijaribiwa katika hospitali nane za miji minane duniani, mmojawapo ukiwa Ifakara nchini Tanzania, na matokeo yaliyotoka Januari 2009 yalionyesha vifo vimeshuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Kusoma karatasi kwa sauti tu.

Maneno ni machache, ila ni mazito. Hesabu ikikosa gozi moja, ni wewe, pengine mdogo wa wote mle ndani, unayepaswa kusema, "Daktari, tusifunge." Naye ana saa tatu amesimama, njaa inamuuma, na ana uhakika hajaacha kitu. Mkimya anafaa thieta. Mwoga hafai, na mambo haya mawili watu huyachanganya kila siku. Nimemwona msichana asiyesikika hata akisalimu, lakini siku ya gozi sauti yake ilitoka kavu kama ya mnadi. Nimemwona pia mcheshi wa wodi nzima akimeza mate.

Uamuzi mkubwa ni wa daktari wa upasuaji na wa mtoa usingizi. Wako ni ule wa kuzuia. Mzigo ni mwepesi kuliko leba na akili, kwa kuwa humjui sana mgonjwa, na baadhi ya watu hulipia wepesi huo: baada ya miaka kadhaa wanasema wamesahau sura za watu. Mgongo nao utakukumbusha.

Akili

Tawi hili ndilo linalokimbiwa, na ndilo ningelitetea zaidi. Mwanafunzi akipangwa wiki zake za akili, mamake humwambia asome Ayatul Kursi kabla ya kuingia. Asome, hakuna ubaya. Lakini woga ule unatoka kwa watu ambao hawajakaa ndani wakaona kazi yenyewe.

Kasi ni polepole mpaka inakera. Mgonjwa aliyeanza dawa wiki hii huenda asibadilike mpaka wiki kadhaa. Kuna zamu nzima ambayo kazi yako kubwa ilikuwa kukaa kando ya mtu asiyesema, na yeye akakubali kunywa uji. Ukiandika hivyo kwenye ripoti itaonekana hukufanya kitu.

Maneno ndiyo chombo cha kazi, kama mkasi wa thieta. Na huku kwetu lazima yawe na lugha mbili. Familia ikikueleza kijana wao ana jini la bahari na wamekwisha mpeleka kwa mganga mara mbili, ukicheka umewapoteza. Watamchukua na hutamwona mpaka afungwe kamba. Ukikubali kila kitu pia umempoteza. Mimi huuliza: huyo mganga alimpa nini cha kunywa, maana nataka kujua kama kitagombana na dawa yangu, kisha nasema dawa yangu hailizuii dua lenu. Wengi hurudi mwezi unaofuata kwa sindano. Kinachotakiwa hapo si upole. Nauita uvumilivu wa kutokuwa sahihi mbele ya watu, na kwa vipimo vile vitano unakaa karibu na uwazi. Mtu anayelazimika kushinda kila mabishano asije huku.

Usidhani ni wodi tu. Hospitali ya Malindi ina kliniki ya methadoni tangu 2015 kwa wanaoacha heroini, dawa ambayo huanza kwa kunywewa kila siku mbele ya mhudumu. Anayefanya kazi dirishani pale anawaona watu walewale asubuhi baada ya asubuhi. Anajua nani kanyoa, nani kakonda, nani hakuja jana. Na baada ya Shakahola, mwaka 2023, pale miili zaidi ya 400 ya waumini walioambiwa wafunge mpaka kufa ilipofukuliwa msituni Kilifi, hakuna aliyebaki akiuliza kama pwani inahitaji watu wa kukaa na waliovunjika moyo. Sheria nayo inalegea: Januari 2025 Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu kilichofanya kujaribu kujiua kuwa kosa la jinai kinapingana na Katiba. Kwa miaka yangu yote kabla ya hapo, mtu aliyeokolewa usiku alikuwa mgonjwa wetu na pia mtu wa kuogopa polisi.

Uamuzi: wa kila dakika ni wako, wa dawa si wako. Unaamua nani akae karibu na mlango, lini uite msaada, lini unyamaze. Mzigo: unabeba maneno. Mtu amekuambia jambo ambalo hakumwambia mkewe, na Lamu ni mji mdogo, kesho utakutana na mkewe sokoni. Asiyeweza kufunga mdomo, hata kwa nia njema, hulka yake imeshamkatalia tawi hili.

Zahanati na kazi ya mtaani

Kasi inafuata kalenda na maji. Siku ya chanjo ni mafuriko, siku nyingine ni watu watano. Visiwani inafuata pia bamvua, yale maji makubwa, na upepo wa kusi: mtu wa Faza au Kizingitini hapangi safari kwa saa ya ukutani, anapanga kwa maji kujaa, kwa sababu mkondo wa Mkanda ukikauka chombo kinangoja. Muuguzi wa huko anajifunza kuamua mapema. Mama mwenye presha ya kupanda saa nane mchana si sawa na mama huyohuyo saa mbili usiku maji yakiwa yametoka.

Maneno hayakwishi. Utasalimiwa ukienda dukani na kuonyeshwa kipele njiani. Uamuzi ni wako wote, na hapa wengi wanapotea. Vijana wanaosema wanapenda uhuru hawajawahi kukaa usiku peke yao na mtoto anayetetemeka kwa degedege, friji ya chanjo inayotakiwa ibaki kati ya nyuzi 2 na 8, na umeme uliokatika. Vyote kwa pamoja. Uhuru ndio huo.

Mzigo ni kwamba hakuna kwenda nyumbani, kwa sababu nyumbani ni mita 50 kutoka kituoni. Ila kuna malipo ambayo matawi mengine hayana. Unamchanja mtoto ukambi wa miezi 9, unamrudia wa miezi 18, halafu siku moja binti wa miaka 10 anakunyoshea mkono kwa chanjo ya kuzuia saratani ya mlango wa kizazi, iliyoanza kutolewa Kenya 2019, na unakumbuka ulimpokea wewe. Anayeuona mtaa kama mgonjwa mmoja atafika mbali: Anna Qabale Duba, muuguzi wa Marsabit, alishinda tuzo ya kimataifa ya wauguzi ya Aster, dola 250,000, mwaka 2022, na sehemu kubwa ya sifa yake ilitokana na elimu na kupinga ukeketaji kijijini kwao, mambo yasiyofanyika kwenye kitanda cha wodi.

Matawi mengine nayapitia haraka. Kitengo cha kusafisha damu kwa wenye figo kina wagonjwa walewale, viti vilevile, saa nne kila kipindi, mara mbili au tatu kwa wiki kwa miaka. Kinawafaa wanaopenda utaratibu wa thieta pamoja na urafiki wa zahanati. Watoto wachanga wanataka mkono wa hesabu ndogo ndogo na moyo unaovumilia mashine kulia usiku kucha.

Kwa hali yako

Ikiwa wewe ni mkimya lakini unaweza kusema "simama" mbele ya mkubwa, angalia thieta, na angalia watoto wachanga. Ikiwa ni mkimya na hilo la kusimamisha watu linakutoa jasho, usijilaumu. Akili inaweza kukufaa zaidi, kwa sababu ukimya wako pale ni dawa, na kusema kwako kutakua polepole kwa mmojammoja.

Ikiwa una wasiwasi mwepesi, sitakuambia ukimbie leba. Wasiwasi ukichanganyika na utaratibu huzaa mkunga mzuri sana, anayehakiki mara mbili. Wasiwasi bila utaratibu ndio hatari. Jichunguze kwa daftari: mwezi mmoja, kila baada ya zamu, andika mistari mitatu. Nilikula? Nililala? Ni jambo gani lilijirudia kichwani? Mwisho wa mwezi soma safu ya tatu. Kama ni jambo lilelile kila siku, umepata jibu ambalo simu haiwezi kukupa.

Ikiwa unachoshwa na mambo kurudiarudia, nenda majeruhi ukiwa kijana, na ujiwekee muda wa kutazama upya, tuseme miaka mitano. Ikiwa una watoto wadogo na naiti zinakuvunja, tazama thieta yenye orodha ya mchana au kliniki, hata kama moyo uko leba. Moyo unaweza kungoja watoto waanze shule. Hiyo si kushindwa. Nilifanya hivyo mwenyewe.

Ikiwa unataka kwenda nje, Saudia au Uingereza kama wengi wa rika lako, ujue kwamba nafasi nyingi huko zinataka aliyekwisha kufanya wodi maalumu, kwa hiyo miaka ya zahanati, pamoja na thamani yake yote, ni vigumu kuieleza kwenye fomu. Ikiwa unataka kubaki Lamu na kuzeeka ukijulikana kwa jina la mamako, zahanati na leba ndizo zitakazokuweka kati ya watu.

Na ikiwa umeshapangwa mahali usipopapenda, usiombe uhamisho kwa kuandika kwamba hulka yako haifai. Barua hiyo haisomwi. Mtafute mwenzako wa cheo chako aliyechoka na mahali pake, mkubaliane kubadilishana, kisha mwende pamoja kwa mkuu wa wauguzi mkiwa na ratiba ya zamu iliyokwisha kujazwa majina yenu wote wawili. Nimeona ikikubaliwa siku hiyohiyo.